Treni ndogo iliyokuwa ikiacha reli Jumapili: uchambuzi wa kona moja Entebbe

Bustani hii ya familia iko kando ya Ziwa Victoria, upande wa Entebbe, na kivutio chake kikubwa ni treni ndogo ya kubeba watoto na wazazi wao. Njia ni mzunguko mmoja wa mita 240 wenye kona nne, kila kona ikiwa na nusu kipenyo cha mita 15. Upana kati ya reli na reli ni mm 260, yaani inchi 10 na robo, kipimo kilichozoeleka Uingereza kwa treni za bustani ambazo abiria hukaa ndani ya behewa. Reli zenyewe ni flati baa ya mm 50 kwa 12 iliyosimamishwa kwa ubavu na kuchomelewa kwenye mataruma ya engo laini, yaani vyuma vya umbo la L vinavyolala chini ya reli kwa kukingama, taruma moja kila sentimita 40. Mbao hazikutumika kwa sababu ya mchwa, na huo ulikuwa uamuzi mzuri. Injini ni ya petroli, nguvu za farasi 6.5, ileile inayoendesha pampu za maji na mashine za kusaga nchi nzima. Inavuta mabehewa matatu. Kila behewa lina uzito wa kilo 180 likiwa tupu, lina benchi nne, na limekaa juu ya bogi mbili zenye magurudumu manne kila moja.

Oktoba na Novemba, behewa la pili liliacha reli mara tano, zote kwenye kona ya tatu, ile inayopita karibu na kibanda cha vinywaji. Mara nne ilikuwa Jumapili, mara moja tarehe 9 Oktoba, sikukuu ya Uhuru. Zote zilitokea kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri. Siku za katikati ya wiki, shule zinapoleta watoto asubuhi, treni hiyohiyo ilizunguka kona hiyohiyo bila kunung'unika. Hakuna aliyeumia zaidi ya mchubuko wa goti, lakini mzazi aliyemwona mwanawe akiinama na behewa zima harudi tena, na jirani zake hawaji kabisa.

Uongozi ulifanya mambo matatu kabla ya uchunguzi. Dereva aliamriwa kushuka kutoka kilomita 8 kwa saa hadi 5. Alijitetea kwa meneja, "Mzee, mimi sijawahi kukimbiza hapo," na hakuaminiwa. Watu wanene walizuiwa kupanda behewa la pili, jambo lililoleta ugomvi langoni. Kisha reli za kona zikapakwa grisi. Mwendo wa 5 haukusaidia: behewa lilitoka tena Jumapili iliyofuata. Grisi ilisaidia kwa wiki mbili, na kusaidia huko ndiko kulikowapoteza zaidi, maana kila mtu aliamini kwamba tatizo limepatikana.

Alama juu ya reli

Behewa likiacha reli, jambo la kwanza ni kutoligusa mpaka reli itazamwe. Mafundi wengi hufanya kinyume: wanaleta jeki na mtaimbo, wanalirudisha, treni inaondoka, na ushahidi unasagwa na magurudumu ya mzunguko unaofuata. Safari ya tano, reli iliachwa kama ilivyo.

Kwenye reli ya nje kulikuwa na mkwaruzo mwembamba unaong'aa, ulioanzia kwenye kona ya ndani ya kichwa cha reli na kupanda polepole kuvuka upana wote wa mm 12, kisha kuangukia nje. Urefu wake ulikuwa sentimita 70 hivi. Mwanzo wake ulikuwa hatua moja tu baada ya kiungo cha reli, pale ncha mbili zinapokutana na kushikwa na vibao viwili vya chuma na bolti. Bolti moja kati ya mbili iliweza kuzungushwa kwa vidole.

Mkwaruzo wa namna hiyo unasema mengi. Kwanza, gurudumu lilipanda reli kwa ukingo wake, ule mdomo wa chuma unaoshuka upande wa ndani wa reli kulizuia lisitoke. Halikurukishwa na jiwe, kwa sababu jiwe huacha kovu fupi la ghafla. Pili, behewa halikupinduka. Likipinduka kwa kuegemea nje, magurudumu ya ndani ndiyo hunyanyuka, na reli ya nje haipati mkwaruzo wa kupanda. Tatu, halikuvutwa ndani ya kona na injini. Hilo hutokea behewa jepesi likiwa katikati ya injini na mzigo mzito wa nyuma, na wakati huo hutokea kwenye reli ya ndani. Nne, gurudumu halikudondoka katikati ya reli kwa sababu ya upana uliozidi, maana lingeacha alama upande wa ndani na chini.

Hata hivyo upana ulipimwa, maana ni mshukiwa wa kila mtu. Kona ya tatu ilikuwa na mm 263 mahali palipozidi. Magurudumu ya behewa yana mm 242 mgongo kwa mgongo, yaani kutoka uso wa ndani wa gurudumu moja hadi wa lile la pili, ukingo wa mm 6 na upana wote wa mm 28. Ukisukuma ukingo wa gurudumu moja uguse reli, uso wa nje wa gurudumu la pili unafika mm 276 kutoka reli ya kwanza. Kwa hiyo zilibaki mm 13 kabla ya kudondoka. Mm 242 zilipimwa mahali patatu kuzunguka kila ekseli, kwa sababu ekseli iliyopinda hutoa jibu zuri ukipima mahali pamoja tu. Zote zilikuwa sawa.

Kuhusu mwendo, hesabu ni fupi. Kona ya mita 15 kwa kilomita 8 kwa saa inataka reli ya nje iinuke mm 9 juu ya ile ya ndani ili uzito ugawanyike sawa, na ndivyo ilivyojengwa. Kitovu cha uzito wa behewa lenye watu kiko karibu mm 550 juu ya reli, na nusu ya nafasi kati ya vichwa vya reli ni mm 135. Ili lipinduke kwa mwendo peke yake kwenye njia iliyo sawa lingehitaji zaidi ya kilomita 20 kwa saa, na injini hii haifiki huko. Kupunguza mwendo hadi 5 kulifanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: kwa mwendo huo mwinuko unaofaa ni mm 3.5 tu, kwa hiyo mm 5.5 zilizobaki ziliegemeza behewa ndani na kuyapunguzia magurudumu ya nje karibu asilimia 8 ya mzigo wake. Gurudumu la nje ndilo lililokuwa likipanda. Dereva aliadhibiwa kwa kosa lisilo lake, na adhabu yenyewe ikaongeza tatizo kidogo.

Kupima reli ikiwa tupu ni kupima reli nyingine

Pima maji iliwekwa juu ya reli mbili kila sentimita 45, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi kati ya ekseli mbili za bogi. Reli ikiwa tupu, mwinuko wa reli ya nje kupita kiungo kile ulisomeka mm 9, 8, 9. Hapakuwa na dosari. Fundi aliyejenga njia alikuwa ameshapima hivyo mara mbili na kuapa kwamba kona ni safi. Alikuwa anasema kweli.

Kisha behewa la pili lilisukumwa kwa mkono hadi bogi ya mbele ikakaa juu ya kiungo, na mifuko minane ya saruji, kilo 400, ikapangwa kwenye benchi. Huo ndio mzigo wa Jumapili: watu wazima wanne, kila mmoja na mtoto mapajani. Vipimo vikageuka: mm 9, 2, 9. Reli ya nje ilikuwa imezama mm 7 zaidi ya majirani zake ndani ya sentimita 45. Huo ni msokoto wa njia, yaani mwinuko kubadilika ndani ya urefu mfupi, wa 1 kwa 64. Kwenye reli kubwa za Uingereza, ambako msokoto hupimwa kwa urefu wa mita 3, ukifika 1 kwa 90 njia hufungwa hapohapo. Vipimo vya reli kubwa havihamishwi vilivyo kwenda reli ndogo, lakini vinatoa picha ya ukubwa wa jambo.

Kipande cha karatasi ya risiti kikasukumwa chini ya gurudumu la mbele la nje. Kikapita hadi upande wa pili. Gurudumu lililotakiwa kubeba zaidi ya kilo 70 lilikuwa linaning'inia hewani, chini ya mzigo kamili, bila treni hata kusogea. Mifuko minne ilipotolewa ili ibaki kilo 200, mzigo wa watoto wanane wa shule, reli ilizama mm 4 na karatasi ikabanwa.

Kwa wenye njia ndefu na muda mfupi, ipo namna ya kujua reli inazama kiasi gani bila mifuko ya saruji. Pigilia nondo ya sentimita 40 ardhini kando ya taruma bila kuligusa, funga juu yake kipande kifupi cha waya kinachogusa ubavu wa taruma, na paka grisi ubavuni hapo. Treni ikipita na watu, waya huchora mstari kwenye grisi. Urefu wa mstari ndio mzamo. Weka nondo kila upande wa taruma, maana msokoto ni tofauti kati ya pande mbili. Reli mbili zikizama sawa, abiria ataona mtikisiko tu na treni itaendelea.

Kwa nini alasiri, kwa nini behewa la pili

Gurudumu hupanda reli pale nguvu ya kulisukuma pembeni inapozidi kiasi fulani cha uzito unaolikandamiza chini. Mfaransa Nadal aliliandikia jambo hilo kanuni ambayo bado inatumika kwenye reli kubwa: kikomo kinategemea mteremko wa ukingo wa gurudumu na msuguano. Kingo za magurudumu haya zilichongwa kwa nyuzi 60. Reli ikiwa kavu, msuguano ukiwa kama 0.5, kikomo ni 0.66. Reli ikiwa na umande, msuguano ukishuka hadi 0.3, kikomo hupanda hadi 0.94. Ikiwa na grisi, msuguano wa 0.15, kinapita 1.2.

Sasa weka behewa kwenye kona. Bogi ngumu inayopinda huburuza gurudumu lake la mbele la ndani kwa pembeni, na mburuzo huo ndio unaolisukuma lile la nje dhidi ya reli. Nguvu yake ni msuguano mara uzito ulio juu ya gurudumu la ndani. Uzito ukiwa sawa pande zote, siku kavu, uwiano ni 0.5 dhidi ya kikomo cha 0.66: linapita, kwa nafasi finyu. Msokoto ukiondoa nusu ya uzito wa gurudumu la nje na kuuhamishia la ndani, uwiano unaruka hadi 1.5. Hapo hakuna dereva atakayeokoa. Asubuhi yenye umande msokoto huohuo unatoa 0.9 dhidi ya 0.94, na watoto wa shule, wepesi kama walivyo, hawaufikishi hata huko. Treni ilikuwa inaponea chupuchupu kila asubuhi bila mtu kujua.

Hivyo kila kitu kilichoonekana kama bahati mbaya kina mahali pake. Jumapili ina watu wazima. Alasiri ina reli kavu. Oktoba na Novemba zina ardhi iliyolowa, kwa kuwa ndio msimu wa pili wa mvua baada ya ule wa Machi hadi Mei. Grisi ilifanya kazi kwa sababu iliinua kikomo, ikaacha kufanya kazi mvua ilipoiosha. Ilikuwa pia imepakwa vibaya: juu ya kichwa cha reli zote mbili, injini ikawa inateleza na breki zikalegea. Ukitaka kupaka, paka ubavu wa ndani wa reli ya nje peke yake, tena kidogo.

Mabehewa mengine mawili yalipita kwenye shimo lilelile kwa sababu fremu za bogi zake zilikuwa za zamani, zimechomelewa kwa flati baa nyembamba ambayo hujisokota kidogo. Bogi za behewa la pili zilitengenezwa upya mwaka uliopita kwa paipu za mraba za mm 50, ukuta wa mm 3, mstatili uliofungwa pande zote nne. Karakana ilijivunia uimara wake, na uimara huo ndio ulioliponza: miguu minne iliyofungwa pamoja haiwezi kukanyaga sakafu iliyosokotwa, mmoja lazima uelee. Pini ya katikati nayo ilikuwa kavu, imeng'ang'ana, kwa hiyo bogi ilikuwa nzito kugeuka kwenye kona.

Maji yalitoka wapi

Mama anayeuza kwenye kibanda alikuwa na jibu kabla ya vipimo, ila hakuna aliyemuuliza. "Mwanangu, hapo treni ikipita baada ya mvua matope huruka mpaka kwenye kreti zangu," alisema. Matope yanayoruka kutoka chini ya taruma ni dalili ya wazi kuliko kipimo chochote: taruma linapanda na kushuka, linasukuma maji, maji yanatoka na udongo, na kila gurudumu linachimba kidogo zaidi.

Kibanda kilijengwa baada ya njia, upande wa nje wa kona. Paa lake la mabati ni mita 6 kwa 4, limeinamia relini, halina gata. Mvua ya mm 40, ambayo Entebbe si ajabu kunyesha kwa alasiri moja, inamwaga lita 960 kutoka kwenye paa hilo juu ya ukanda usiozidi mita chache wa njia, wote upande wa reli ya nje. Chini ya mataruma palikuwa na maramu iliyoshindiliwa na tabaka jembamba la kokoto zilizochanganyika na vumbi la jiwe. Maramu kavu ni ngumu kama saruji. Ikilowa na kutikiswa inakuwa uji. Juu yake palikuwa na kiungo cha reli chenye bolti legevu, yaani mahali pekee ambapo flati baa haisaidiani na jirani yake kubeba mzigo. Kiungo mahali pakavu kingevumilika miaka.

Matengenezo

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko kazi yenyewe. Ukianza na kunyanyua reli kabla ya kuondoa maji, utainyanyua tena mwezi ujao.

Gata ilifungwa kwanza, ikapelekwa kwenye pipa na ziada yake kwenye bomba la mm 110 linalotoa maji kwenye majani upande wa pili wa kibanda. Shimo la kunyonya maji halikuchimbwa. Karibu na ziwa maji ya ardhini yako juu, na baada ya Mei 2020, ziwa lilipofurika fukwe na mialo ya Entebbe, hakuna haja ya kueleza kwa nini shimo hujaa badala ya kunyonya. Mtaro wa kupeleka maji ziwani nao ulikataliwa: ukanda wa mita 200 wa ukingo wa Ziwa Victoria unalindwa na kanuni za mazingira, na kuuchimba kunahitaji idhini.

Kisha mita 6 za njia zilifunguliwa, tatu kila upande wa mahali palipozama. Udongo ulichimbwa kina cha sentimita 25 na upana wa sentimita 80, jumla ya mita moja na robo za ujazo hivi, na wote ulikuwa tope la kijivu linalonuka. Chini liliwekwa tabaka la sentimita 12 la mawe ya msingi yaliyopondwa, juu yake kitambaa cha kuchujia, kisha kokoto safi za nusu inchi zisizo na vumbi. Bomba lenye matundu lililazwa upande wa nje kwa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Kokoto zikiletwa na vumbi, zioshwe kwa mpira wa maji kwenye turubai kabla ya kumwagwa. Ni kazi ya kuchosha, na wengi huiruka.

Kushindilia kokoto chini ya taruma kuna ujanja wake. Kokoto hupigwa kwa mtaimbo chini ya mahali reli inapokaa, sentimita 15 kila upande wa reli, kutoka pande zote mbili za taruma kwa zamu. Katikati ya taruma huachwa laini. Ukishindilia katikati, taruma linabembea na upana wa njia unaanza kucheza. Reli huinuliwa mm 2 hadi 3 juu ya kipimo, kwa sababu kokoto mpya zitakaa chini baada ya mizunguko ya kwanza.

Kiungo kilihamishwa kutoka kwenye kona hadi mahali panyoofu, na vibao vipya vikapewa bolti nne na washa za springi. Kuchomelea viungo vyote kungevutia, lakini reli ya mita 6 inayotoka kwenye baridi ya alfajiri hadi jua la saa saba, tofauti ya nyuzi 30, inarefuka karibu mm 2. Kwenye kona reli iliyobanwa hutafuta njia ya kutokea kwa kusukuma mataruma nje. Pengo la mm 2 hadi 3 kwenye kila kiungo, likiwekwa asubuhi, linatosha.

Bogi za behewa la pili zilikatwa kwa grainda. Paipu mbili za kupita, ya mbele na ya nyuma, ziliondolewa. Badala yake pakawekwa boriti moja katikati, na kila ubavu ukafungwa kwenye ncha ya boriti kwa pini ya mm 20 yenye bushi ya shaba na nipeli ya grisi. Sasa kila ubavu unaweza kuinama mbele na nyuma peke yake, na magurudumu mawili ya upande mmoja yanagawana mzigo hata kama reli imezama. Vizuizi viliachwa vya kuruhusu mm 10 tu. Beringi ni zile za UCP205 kwa shafti ya mm 25, ambazo maduka ya vipuri vya mashine za mahindi Kampala hayakosi. Zina uwezo wa kujiweka sawa ekseli ikiinama, na bila hilo kazi yote ya pini ni bure. Vibao vya pembeni vinavyozuia behewa lisiyumbe viliachiwa mm 1 kwenye bogi ya mbele na mm 3 kwenye ya nyuma, ili behewa lenyewe nalo lisilazimishe magurudumu yake manane kusimama kwenye bapa moja. Pini ya katikati ilisafishwa na kupakwa grisi.

Magurudumu yalirudishwa kwa fundi wa mashine ya kukereza na kingo zikachongwa kwa nyuzi 70. Kikomo cha reli kavu kinapanda kutoka 0.66 hadi karibu 0.95. Kama fedha zingetosha kwa jambo moja tu, jibu lingekuwa gata na kokoto; kwa mawili, ongeza bogi. Kingo za nyuzi 70 ni bima, na hazina faida kwa njia inayozama mm 7.

Majaribio yalifanywa na mifuko ileile ya saruji, mizunguko 40, kabla ya mtu yeyote kupanda. Mwinuko ukasomeka 9, 8, 9 tupu na 9, 7, 9 na mzigo. Karatasi haikupita chini ya gurudumu lolote. Mwendo ulirudishwa kilomita 8, kwa kuwa ndio njia ilijengewa.

Wanaopiga picha

Wakati wa uchunguzi lilijitokeza jambo ambalo halikuwa chanzo cha ajali hizi ila litakuwa chanzo cha nyingine. Kona ya tatu ndiyo inayoonyesha ziwa, na abiria wote huinamia upande mmoja na simu zao. Mtu mzima wa kilo 80 akisogeza kiwiliwili sentimita 20 pembeni, kwenye behewa lenye jumla ya kilo 500, anahamisha kitovu cha uzito mm 32. Wanne wakifanya hivyo pamoja ni mm 128, na behewa linalala likipita mm 135. Wembamba wa njia ndio unaoleta ugumu huu. Sir Arthur Heywood, aliyejenga reli ndogo nyumbani kwake huko Duffield, Uingereza, kuanzia 1874, alikuwa ameanza kabla ya hapo na inchi 9, akaona haiwabebi watu kwa utulivu, ndipo akahamia inchi 15.

Kubomoa na kujenga upana mpya si jambo la bustani hii. Kilichofanyika ni kuinua ukuta wa behewa upande wa ziwa hadi usawa wa bega la mtu aliyekaa, na kushusha benchi sentimita 8, kitu ambacho kwa maoni yetu kingefanywa tangu mwanzo. Treni sasa inasimama dakika moja mahali panyoofu kabla ya kona, watu wapige picha zao. Walalamikaji wamekuwa wachache kuliko ilivyohofiwa.

Ukaguzi wa kila siku umebaki mfupi: dereva anatembea njia nzima asubuhi na nyundo ndogo, anagonga bolti za viungo, anatazama alama mpya zinazong'aa kwenye vichwa vya reli na matope juu ya kokoto. Mara moja kwa mwezi, na baada ya kila mvua kubwa, mifuko minane inapakiwa na kona zote nne zinapimwa kwa mzigo. Kipimo cha kwanza cha namna hiyo kilifichua kwamba kona ya kwanza ina msokoto wa mm 3 kwa sentimita 45, kutokana na mzizi wa mwembe unaoinua reli ya ndani. Kwa bogi mpya kiasi hicho kinapitika. Mabehewa ya zamani, hata na fremu zake nyembamba, hayaruhusiwi kuzidi kilo 200 za abiria hadi mzizi ukatwe na fremu zake zibadilishwe.